Mafuta Yasipofika kwenye Mnyororo

Mvua kubwa zikianza Kampala, miti huanguka. Mwingine hulalia ukuta Kololo, mwingine hukata nyaya za umeme Ntinda, mwingine hubomoa paa la gari lililoegeshwa chini yake usiku. Kunapokucha, mlio wa misumeno ya moto husikika kutoka kilima hadi kilima, na karoli, wale korongo wakubwa wenye vipara wanaojenga viota juu ya miti ya mji huu, huhamia mti wa jirani. Kampuni ya Umeme ilimaliza mkataba wake wa miaka 20 wa kusambaza umeme Machi 2025, na shirika la serikali, UEDCL, likachukua nyaya. Kazi ya kukata matawi yanayozigusa ni ileile. Watu husimama kutazama mti unavyokatwa vipande. Mtu anayezijua mashine hizi hutazama upanga wa msumeno, ile baa bapa ya chuma ambayo mnyororo huizunguka. Akiona moshi mwembamba pale chuma kinapozama kwenye gogo, na kingo za upanga zimeanza kugeuka buluu, anajua mnyororo unakimbia mkavu. Injini inaweza kuwa nzima. Meno yanaweza kuwa yamenolewa asubuhi hiyohiyo. Mafuta hayafiki.

Naandika haya kwa sababu naona misumeno ya zamani ikiuzwa kwa bei ya chuma chakavu kwa ugonjwa ambao dawa yake ni ndogo. Mfumo wa kupeleka mafuta kwenye mnyororo una vitu vichache: chujio, kipande cha mpira, gia moja, pampu inayoenea kiganjani, na tundu la kutokea. Sioni sehemu nyingine ya msumeno iliyo rahisi kutengeneza kuliko hiyo, wala inayopuuzwa kuliko hiyo. Mwenye mashine hununua mnyororo mpya, kisha upanga mpya, kisha mnyororo mwingine, huku tundu lenye upana wa milimita chache likiwa limezibwa na unga wa mbao tangu mwaka jana.

Kampala si mji wa kukosa fundi. Katwe wanayeyusha alumini chakavu wakafua masufuria, wanaunda mashine za kusaga mahindi, wanachomelea karibu kila kitu cha chuma kinachohitajika mjini. Kisekka, karibu na Nakivubo, ni soko la vipuri ambako injini nzima huweza kukusanywa kwa kuhama kibanda hadi kibanda. Lakini misumeno hukutana zaidi na mafundi wake Ndeeba, kando ya barabara ya Masaka, kwa kuwa Ndeeba ni mtaa wa mbao, na wenye mbao ndio wenye misumeno. Pale kuna paini ya mashamba ya Uganda, ambayo mengi yalipandwa baada ya mpango wa ruzuku kwa wapandaji miti, SPGS, kuanza mwaka 2004 kwa fedha za Umoja wa Ulaya. Kuna mkaratusi. Kuna mahogani na mbao nyingine ngumu zinazovuka mpaka wa Mpondwe na mipaka mingine kutoka mashariki ya Kongo, zikiletwa na wafanyabiashara wa Beni, Butembo na Bunia wanaopatana bei kwa Kiswahili. Wakirudi kwao, wapo wanaorudi na msumeno, au minyororo, au mfuko wa spea.

Katika karakana ya mabati pembeni mwa mbao hizo nilikuta mashine ya zamani mno juu ya meza. Rangi yake ilibaki kwenye pembe tu, na jina la kiwanda lilikuwa limefutika. Mwenyewe, mzee aliyetoka nayo upande wa Mukono, alikuwa akieleza kwamba mnyororo haukati, kwamba ameunoa na kuunoa, kwamba sasa anafikiri injini imechoka. Fundi, kijana aliyemwita mzee kwa kila sentensi na asiyeonekana kuwa na haraka, hakuuliza lolote kuhusu meno. Alifungua kifuniko cha petroli, akachungulia. Akafungua cha mafuta ya mnyororo, akachungulia. Petroli ilikuwa imebaki kidogo sana. Mafuta yalikuwa yamejaa karibu hadi mdomoni.

Hapo uchunguzi ulikuwa umeshafika nusu. Wanaounda misumeno hupima matangi hayo mawili ili yaende pamoja: tangi moja la petroli linapokwisha, la mafuta nalo liwe linakaribia kwisha, libakize kidogo tu ili mnyororo usikauke hata dakika ya mwisho. Mtu anayejaza petroli mara mbili kabla ya kuongeza mafuta hajaokoa pesa yoyote. Mashine inamwambia kwamba kuna mahali njia imefungwa. Kanuni hii haihitaji kifaa wala elimu ya ufundi, na laiti ingejulikana kwa kila kibarua anayeshika msumeno mji huu, panga nyingi zingepona.

Njia yenyewe ni hii. Ndani ya tangi la mafuta kuna mpira mfupi wenye chujio nchani, unaolala chini ambako mafuta hukusanyika. Mpira huo unaelekea kwenye pampu iliyo nyuma ya klachi. Pampu huzungushwa na gia yenye uzi wa skrubu iliyovishwa kwenye krenki. Katika misumeno mingine gia hiyo huburutwa na ngoma ya klachi kwa waya mwembamba, hivyo mafuta hutoka pale tu mnyororo unapozunguka. Katika mingine imeshikana na krenki moja kwa moja, na mafuta hutoka hata injini inaponguruma bila kukata. Ndani ya pampu mna pistoni nyembamba inayozunguka huku ikienda mbele na nyuma. Ubavuni ina mkato, na mkato huo hufungua mlango wa kuingiza, kisha wa kutoa, zamu kwa zamu. Mafuta husukumwa hadi kwenye uso ambao upanga hukazwa kwa nati, yanapita tundu la upanga, yanaingia kwenye mfereji uliochimbwa ukingoni mwake. Kuanzia hapo mnyororo wenyewe ndio mchukuzi: vile vikia vyake vinavyotembea ndani ya mfereji huyakokota hadi nchani na kuyarudisha upande wa chini.

Haikuwa hivi siku zote. Andreas Stihl alipoanza kuuza misumeno yake Ujerumani mwaka 1926, kupaka mnyororo mafuta kwa kawaida ilikuwa shughuli ya mkono. Hata katika misumeno iliyokuja baada ya Vita Kuu ya Pili mingi ilikuwa na kitufe ambacho mkataji alikibonyeza kwa dole gumba kila alipoona moshi. Mnyororo wenyewe ulibadilika mwaka 1947, pale Joseph Cox, mkata magogo wa Oregon, Marekani, alipoanza kuuza mnyororo ambao meno yake aliyaiga kutoka kwa buu aliyemwona akitafuna gogo kulia na kushoto. Mnyororo wa namna hiyo ndio unaotumika leo katika misitu ya Mabira, Uganda, na Mambasa, Kongo. Unakimbia kasi ya mita 20 hivi kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 70 kwa saa, chuma juu ya chuma, na kati yao hakuna kitu ila utando wa mafuta. Utando ukikatika, joto hupanda kwa sekunde chache. Mnyororo hurefuka, hulegea, na uliolegea ndio unaoruka nje ya mfereji au kukatika.

Kuna jambo linalofanya kasoro hii iume zaidi kwetu kuliko kule ilikobuniwa mashine. Mkata miti wa Sweden hukata gogo kwa kulivuka: msumeno huingia, hukata sekunde kadhaa, hutoka, hupumua. Mkataji wa Uganda na Kongo hupasua mbao kwa mkono. Gogo limelala msituni, mstari umepigwa kwa kamba iliyochovywa kwenye oili nyeusi, na msumeno hupita kwenye mstari huo kutoka mwanzo hadi mwisho, injini ikiwa wazi kabisa, dakika kwa dakika. Upanga ni mrefu, umezama wote, na unga laini unajaa mahali pote. Msumeno mkubwa wa aina ya Stihl 070, umbo la miaka ya 1960 lenye injini ya sentimita za ujazo 106 na uzito unaozidi kilo 10, umedumu katika nchi za joto kwa sababu unavumilia kazi hiyo. Injini inavumilia. Pampu ya mafuta iliyolegea haivumilii. Na mbao zetu zina mambo yake: paini hutoa utomvu unaoganda kwenye mfereji wa upanga, na mvule, mti wenye thamani kubwa hapa, huficha ndani yake mawe halisi ya chokaa yanayoua meno ya mnyororo kwa mguso mmoja. Mnyororo uliokufa meno husuguana zaidi, husaga unga zaidi, na unga huo huziba tundu. Ugonjwa mmoja huita mwingine.

Fundi wa Ndeeba alianza nje akaenda ndani, na huo ndio utaratibu unaofaa, kwa maana kasoro za nje ni nyingi kuliko za ndani na hazina gharama. Alifungua nati mbili, akatoa kifuniko, mnyororo na upanga. Chini ya kifuniko kulikuwa na kitu cheusi kilichoshikana, unga wa mbao uliolowa mafuta ukakauka ukawa gamba. Alilikwangua kwa bisibisi bapa. Akachukua upanga, akapitisha kipande cha bati jembamba ndani ya mfereji wake kuanzia mkiani hadi nchani, na ukatoka uzi mrefu wa uchafu mgumu. Tundu la mafuta la upanga halikuonekana hadi alipolitoboa kwa waya. Akaugeuza upanga, akakuta la upande wa pili nalo limeziba. Kisha akapitisha tupa bapa juu ya kingo zote mbili kuondoa ndevu za chuma zilizoota kwa joto. Alisema upanga huo bado una maisha, ila tangu siku hiyo ukazwe kichwa chini ili upande uliolika upumzike. Kugeuza upanga kila unaponolewa mnyororo ni mazoea mazuri ambayo sijaona yakifuatwa na wengi.

Baadaye aliwasha injini bila upanga wala mnyororo, akaiongeza moto, akatazama mdomo wa mafuta kwenye mwili wa mashine. Palikuwa pakavu. Basi kuziba kwa upanga ilikuwa nusu tu ya shida.

Akalegeza kifuniko cha tangi la mafuta kidogo, akawasha tena. Jaribio hili ni zuri na ni la bure. Tangi la mafuta lazima livute hewa kadiri mafuta yanavyotoka. Lina kivalvu kidogo kwa kazi hiyo. Kivalvu kikiziba, ndani ya tangi hujengeka ombwe na pampu nzima hushindwa kuvuta. Ukilegeza kifuniko na mafuta yakaanza kutoka, umemkamata mwizi, na kivalvu huoshwa kwa petroli au hubadilishwa. Safari hii hayakutoka. Fundi akazima, akamwaga mafuta yote kwenye karai.

Nilisogea kuyatazama. Yalikuwa meusi ti, yenye chembe zinazometameta juani, na chini ya karai palibaki tope. Hiyo ilikuwa oili chafu, ile iliyomwagwa kutoka kwenye injini ya gari au pikipiki, inayouzwa kwa jeriken karibu na gereji yoyote. Mzee alisema ndiyo anayotumia siku zote, na kila anayemjua anaitumia.

Fundi aliingiza waya wenye ndoano kwenye mdomo wa tangi, akauvua mpira. Chujio lake lilikuwa limevishwa gamba jeusi pande zote. Mpira nao ulikuwa umekakamaa, na alipoukunja karibu na shingo ukaonyesha ufa. Ufa wa namna hiyo hudanganya: mpira unavuta, lakini unavuta hewa, na pampu ikipewa hewa haina cha kusukuma. Watu wengi hapa huziba pengo hilo kwa kipande cha mpira wa petroli wa boda boda. Hufanya kazi majuma machache. Mpira huo hauna kola ya kuziba tundu la tangi, kwa hiyo mafuta huanza kuvuja chini ya mashine, na mwenyewe huona tangi linapungua akafikiri mnyororo unakula. Katika jambo hili mimi nasimama na fundi huyu: tafuta mpira wenye umbo lake, uupake mafuta shingoni, uuvute kwa koleo yenye mdomo mrefu hadi kola ikae. Gundi ya silikoni isikaribie hapo. Vipande vyake hubanduka vikaenda moja kwa moja kwenye pampu.

Ili kufika kwenye pampu ilibidi klachi itoke, na hapa ndipo mashine nyingi huvunjwa na mikono yenye pupa. Alifungua plagi, akazungusha krenki hadi pistoni ikapita mlango wa ekzosi ikielekea juu, akashindilia kipande cha kamba ya kuwashia ndani ya silinda kupitia tundu la plagi. Kamba huizuia pistoni bila kuikwaruza. Mtu akiisokomeza pistoni ikiwa chini, kamba huchomoza kwenye mlango wa ekzosi na kukatwa humo, na wapo wanaotumia bisibisi badala ya kamba, wakatoboa pistoni. Baada ya hapo alikaza spana na kuzungusha kuelekea kulia. Klachi ya misumeno mingi ina uzi wa kushoto. Hufunguka upande ambao nati ya kawaida hukaza. Nyundo ya mtu asiyejua hilo imeshapasua klachi nyingi.

Nyuma ya klachi mambo yakawa wazi. Gia ya pampu, iliyokuwa ya plastiki, ilikuwa imesagika: uzi wake ulionekana upande mmoja, upande mwingine ulikuwa laini. Ilizunguka na krenki bila kuigusa pistoni ya pampu. Fundi alifungua bolti mbili, akaitoa pampu, akaichomoa pistoni yake na kuiweka kwenye kiganja changu. Ilikuwa fupi kuliko kiungo cha kidole, yenye mistari ya mikwaruzo iliyoonekana kwa macho na kusikika kwa ukucha. Mikwaruzo hiyo ndiyo kazi ya zile chembe zilizometameta kwenye karai. Chuma kilichosagika ndani ya injini ya mtu mwingine kilinunuliwa kwa jeriken, kikamiminwa kwenye tangi, kikapenya kwenye ufa wa mpira, kikaja kusaga pampu ya mzee huyu.

Pistoni haikuwa imelika kiasi cha kutupwa. Aliiosha kwa petroli, akaijaribu ndani ya mwili wa pampu: iliteleza bila kucheza, na alipoziba mlango kwa kidole na kuivuta, kidole kilinyonywa. Pampu ingeishi. Gia ndiyo iliyohitajika mpya.

Kijana wa kutumwa alikwenda kuitafuta akarudi na mbili. Moja ilikuwa ya plastiki nyepesi yenye mabaki ya ukingo wa kalibu, nyingine ya chuma, bei yake mara kadhaa ya ile ya kwanza. Misumeno ya kuigiza imejaa masoko ya Afrika Mashariki, na vipuri vyake vimeifuata. Vingine si vibaya, vingine huyeyuka kazini. Fundi aliziweka zote mbili mbele ya mzee bila kumsukuma. Mzee alizipima mkononi, akauliza ile ya plastiki itakaa muda gani katika kupasua mbao. Jibu halikumfurahisha. Akatoa pesa ya ile ya chuma.

Sasa niseme kuhusu oili chafu, maana kutengeneza pampu na kuirudishia sumu ileile ni kazi ya bure. Najua sababu ya watu kuitumia. Ni rahisi, ipo kila mahali, ni nyeusi na nzito machoni, na mtu anayelipwa kwa mti mmoja mmoja huhesabu kila shilingi. Lakini mafuta ya mnyororo hayarudi tangini. Kila tone linalotoka kwenye upanga huishia kwenye unga wa mbao, kwenye udongo, kwenye suruali na ngozi ya mkataji, na ukungu wake huishia kwenye pua yake. Oili iliyokaa ndani ya injini hukusanya masizi na kemikali za petroli iliyoungua, zile ambazo wataalamu wa saratani wanazijua kuwa hatari kwa ngozi. Stihl wanaonya hivyo kwenye vitabu vyao vya maelekezo: oili iliyotumika isiwekwe kwenye msumeno, na kugusana nayo mara kwa mara kunaweza kuleta saratani ya ngozi. Husqvarna nao wanaikataza. Mzee wa Mukono alikuwa na mapaja ya suruali yaliyokuwa meusi na magumu. Miaka mingapi ngozi yake imekaa chini ya kitambaa hicho?

Na Kampala ni mji wa mteremko. Kinachomwagwa Katwe na Kisekka hutelemka hadi mfereji wa Nakivubo, mfereji huingia kwenye kinamasi, kinamasi huishia Ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria. Mitambo ya Ggaba huchota maji ya kunywa ya mji huu kutoka ghuba hiyohiyo. Sheria ya Mazingira ya Taifa ya mwaka 2019 ipo, mamlaka ya mazingira, NEMA, ipo, lakini jeriken la oili chafu linauzwa mchana kweupe kama maziwa. Siwezi kumlaumu kibarua peke yake. Gereji inayomwaga oili ingepewa mahali pa karibu pa kuipeleka, ikasafishwa au kuchomwa kwenye tanuru linalofaa, jeriken hilo lisingefika kwenye msumeno.

Badala yake kuna nini? Mafuta maalumu ya mnyororo, yenye dawa ya kunata ili yasirushwe nchani, yanapatikana kwa mawakala wa misumeno mjini, ila bei yake humkimbiza mtu wa kazi ndogo. Oili mpya ya injini, namba 30, inafanya kazi vizuri katika hali ya hewa ya Kampala, ambayo haina baridi ya kuigandisha. Na kuna mafuta ya mimea. Austria ilipiga marufuku mafuta ya madini kwenye minyororo ya misumeno mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wakata miti wake wameendelea kukata miti. Uganda inakamua alizeti, na Lira ni mji wa viwanda vya alizeti. Mafuta hayo yanateleza vizuri, na yakimwagika kwenye udongo huoza. Yana sharti moja zito. Yakikaa miezi ndani ya tangi bila kutumika huganda yakawa gundi, na gundi hiyo hufunga pampu kuliko uchafu wowote. Anayeyatumia na ayamalize kabla ya kuuweka msumeno stoo, kisha aendeshe mashine dakika chache kwa oili nyepesi safi. Kwa anayekata kila siku sioni kizuizi. Kwa anayetoa msumeno mara mbili kwa mwaka, oili mpya ya injini ni salama zaidi kwa pampu.

Zaidi ya mafuta kuna usalama wa mkataji mwenyewe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamwekea mwajiri wajibu wa kuhakikisha mashine anayompa mfanyakazi ni salama. Wakata miti wengi wa Kampala hawana mwajiri wa kushtakiwa. Wana tajiri wa siku hiyo, mwenye kiwanja, anayetaka mti uondoke kabla ya jioni. Huyo ndiye ningependa ajue dalili ya moshi. Akiuona, asimamishe kazi. Mnyororo unaokatika kwa kasi ile hauchagui wa kumpiga.

Kule Ndeeba, mashine ilikuwa inaunganishwa tena. Tangi lilisukwasukwa kwa petroli mara kadhaa hadi ikatoka safi, mpira mpya ukakaa, chujio jipya likavishwa, gia ya chuma ikaingia kwenye krenki, pampu ikafungwa, kamba ikatolewa silindani, klachi ikakazwa kuelekea kushoto. Mzee alifungua chupa yake ya oili chafu aliyokuja nayo. Fundi aliweka kiganja juu ya mdomo wa tangi. Hawakubishana sana. Mzee alikwenda dukani akarudi na lita ya oili mpya, na hadi aliporudi injini haikuwashwa.

Kwanza iliwashwa bila upanga, na safari hii mdomo wa mafuta ulitoa povu, kisha mapovu yakaisha ukatoa mafuta mfululizo. Upanga na mnyororo vikarudi. Fundi akaelekeza ncha kwenye kipande cha boksi la karatasi lililosimamishwa ukutani, umbali wa kiganja, akaongeza moto. Mstari wa madoa ukajichora kwenye boksi. Akageuza skrubu ya kipimo iliyo tumboni mwa mashine, akaongeza tena, na mstari ukanenepa. Kwa upanga mrefu wa kupasulia, alisema, usiache kipimo cha chini. Wakakata gogo la mkaratusi lililolala nje hadi petroli ikaisha na mashine ikazimika yenyewe. Moshi haukuonekana. Kwenye tangi la mafuta palibaki kina cha kidole kimoja.

Mzee aliagizwa ajaze matangi yote mawili kwa pamoja, kila mara, na arudi baada ya wiki mbili chujio lifunguliwe tena, kwa kuwa uchafu wa miaka mingi bado umeshika kwenye kuta za tangi na oili safi itaendelea kuubandua.